Bwana na Mtumwa Ndani ya Kadi

Miongoni mwa istilahi zinazobisha hodi katika Kiswahili hivi leo, zimo za wahandisi wanaounganisha kadi za nyongeza na kompyuta ndogo zinazoendeshwa kwa Linux. Tuchukue mfano wa Raspberry Pi, kompyuta iliyozinduliwa nchini Uingereza mwaka wa 2012. Toleo lake la B+ la mwaka wa 2014 lilikuja na pini 40, na juu ya pini hizo hupachikwa kadi ya sauti, ya kupimia joto, na kadhalika.

Mara nyingi kompyuta na kadi huzungumza kupitia njia mbili tu, moja ya data na moja ya mapigo ya saa, kwa utaratibu wa I2C uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka wa 1982. Kompyuta hutaja anwani; vifaa vyote husikia, ila huitika kile chenye anwani hiyo pekee. Kwa takribani miaka 40, pande hizi mbili ziliitwa kwa Kiingereza bwana na mtumwa. Wasimamizi wa Linux walianza kuyaepuka majina hayo mwaka wa 2020, na NXP, kampuni iliyourithi utaratibu huo, ikayaondoa katika maelezo yake rasmi mwaka wa 2021.

Je, sisi tuokote jozi iliyotupwa na wenyewe? Kiswahili kilisikika katika soko la watumwa la Unguja hadi lilipofungwa mwaka wa 1873. Lakini hoja yangu si ya historia peke yake. Mtumwa, kwa asili ya neno lenyewe, ni anayetumwa. Kadi haitumwi popote, hukaa kimya hadi iitwe. Mfuasi nayo haifai, kwani kadi haifuati. Na jozi mpya ya Kiingereza tukiitafsiri kidhibiti na kilengwa, yanukia baruti.

Ngomani yuko anayeita na wako wanaoitikia. Napendekeza basi kiitaji na kiitikiaji. (Kiitikio lingekuwa fupi zaidi, ila washairi wamekwisha kulitwaa.) Wapo watakaosema masta na slevu yatosha. Wahadhiri wetu na waijaribu jozi hii mbele ya wanafunzi wa uhandisi, wenye kadi mikononi, kabla masta na slevu hazijazoeleka.