Tovuti iseme bei na maji ya moto

Abiria wa basi la Dar es Salaam anayejua kwamba usiku utamkuta Makambako huanza kutafuta gesti akiwa bado njiani, simu ikiwa na chaji kidogo na bando likiwa ukingoni. Anataka kujua chumba ni shilingi ngapi, kama maji ya moto yapo, ni mbali kiasi gani kutoka stendi, na apige namba ipi. Dereva wa lori la Tunduma ana lake la ziada: geti linapitisha lori, na mlinzi yupo usiku kucha? Gesti itakayowajibu kabla hawajapita Nyololo ndiyo watakayolala.

Tovuti nyingi za biashara ndogo tunazozifungua mkoani hapa Njombe haziwajibu. Ukurasa unaanza na picha kubwa zinazopokezana zenyewe, vyumba vyenyewe havifanani na vya hapa, halafu maneno ya ukaribisho kwa Kiingereza, historia ya kampuni, dira na dhamira. Bei haipo. Namba ya simu iko chini kabisa, tena imechorwa ndani ya picha, kwa hiyo ukiigusa haipigi; inabidi utafute kalamu. Mwenye gesti amelipa fedha halali kwa kazi hiyo, na mteja amekwenda kwa jirani.

Msimamo wetu ni kwamba tovuti ya biashara ndogo ipimwe kwa jambo moja: inamwezesha mteja aliye mbali kufanya uamuzi? Uzuri wa rangi uje baadaye.

Tunasisitiza huyo mteja wa mbali kwa sababu ndiye anayeulisha mkoa huu. Viazi vya Njombe vinaliwa Dar es Salaam, mbao zetu zinapaua nyumba za Dodoma, chai na parachichi vinavuka bahari. Makambako yenyewe imekuzwa na wapitaji: reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na njia panda ya Songea iko hapo hapo. Mteja wa Kariakoo anaweza kuzunguka maduka kumi kwa miguu asubuhi moja. Fundi wa Dodoma anayetafuta mbao za kupaulia hawezi kuja Njombe kuuliza bei.

Tuchukue hao wauza mbao. Mnunuzi anauliza mambo mahususi mno: 2x4 ya futi 12 ni bei gani, 1x8 ipo, ni msonobari au mkaratusi, imekaushwa, imetiwa dawa, na gari la mzigo kufika Dodoma linatozwaje. Jedwali moja la mistari kumi linamaliza yote hayo, likiwa na tarehe juu yake: "Bei za wiki hii." Wafanyabiashara wengi huogopa kuweka bei hadharani wakisema mshindani ataiona. Mshindani anaijua tayari. Yuko ng'ambo ya barabara na anasikia mkipatana. Asiyeijua ni mteja, naye akikosa bei hudhani ni kubwa kuliko ilivyo. Bei ikibadilika, jedwali libadilishwe. Kama kulibadilisha kunahitaji kumpigia fundi wa tovuti aliye mjini kwingine na kumlipa tena, basi tovuti ilijengwa vibaya tangu mwanzo. Mwenye duka afundishwe kubadilisha bei kwa simu yake mwenyewe siku ile ile anapokabidhiwa kazi.

Kwa muuza viazi, neno la kuandika mwanzo kabisa ni uzito. Kila mnunuzi wa jumla anaifahamu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na ameumizwa nayo, na sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100. Anayeandika "gunia la kilo 100, linapimwa mbele yako" na kuweka picha ya mzani wake wenye stika ya Wakala wa Vipimo ameshamwondolea mteja mashaka yake. Picha hiyo moja, iliyopigwa kwa simu kwenye ghala lake mwenyewe, ina nguvu kuliko picha ishirini za kuazima. Mteja anatambua ghala la kweli. Anaona matope ya Njombe sakafuni na anaamini.

Kuaminiana kwenyewe ndiko mzigo mkubwa. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wanayo haki ya kuogopa kumtumia malipo mtu wasiyemwona. Tovuti inaweza kupunguza hofu hiyo kwa njia rahisi: iandike jina kamili litakalotokea mteja anapoingiza lipa namba, na jina hilo lilingane na lililosajiliwa BRELA na lililo kwenye risiti. Jina la duka likiwa moja, la lipa namba jingine, na la kwenye tovuti la tatu, mteja mwangalifu ataacha, na atakuwa amefanya vema.

Mahali napo paandikwe jinsi watu wanavyoelekezana. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituachia majina ya barabara na namba za nyumba, na yafaa vitumike. Lakini mgeni anayeshuka stendi usiku anahitaji pia kuambiwa akitoka getini ageuke upande gani na apite jengo gani linalojulikana. Alama kwenye ramani ya Google haitozwi chochote. Kwa biashara changa kabisa, tungeshauri hatua hiyo itangulie hata tovuti.

Kuhusu uzito wa ukurasa, mafundi watusikilize. Picha moja ya simu ya kisasa huwa na megabaiti tatu au zaidi. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 100, macho ya mteja hayataona tofauti kwenye kioo cha simu. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika chini ya bahari, Tanzania nzima ilionja mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Vijiji vingi vya Ludewa na Makete huuonja katika siku za kawaida. Ukurasa wa maandishi, jedwali na picha mbili tatu nyepesi unafunguka hata hapo. Fundi aijaribu kazi yake kwenye simu ya bei ya chini akiwa nje ya mji, asiishie kwenye kompyuta yake yenye intaneti ya ofisi.

Lugha ni Kiswahili. Mnunuzi wa Songea, Dodoma na Mbagala anasoma Kiswahili, na ndicho anachoandika anapotafuta. Parachichi ndilo linalohitaji ukurasa wa pili wa Kiingereza. Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini itifaki ya kuliuza tunda hilo huko, na mnunuzi wa nje anataka kuona aina, kama ni Hass, miezi ya mavuno, tani zinazopatikana, na vyeti vya ubora na vya afya ya mimea. Kikundi cha wakulima kinachoweza kuyaweka hayo kwenye ukurasa mmoja hakilazimiki kusubiri dalali ayaeleze kwa niaba yake.

Wapo watakaosema Instagram na WhatsApp zinatosha. Zinasaidia, na hatumwambii mtu aziache. Lakini bei uliyoiweka kwenye status inafutika baada ya saa 24, na akaunti ikifungwa au ikiibwa, wateja wa miaka mitano wamekwenda nayo. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita, na waliokuwa na hizo tu walikaa kimya jioni nzima. Kikoa chako cha .co.tz ni chako, ilimradi kimesajiliwa kwa jina lako na ada ya kila mwaka unailipa mwenyewe. Hili tunalisema kwa mkazo: mfanyabiashara asikubali kikoa kisajiliwe kwa jina la fundi, wala nenosiri kubaki kwa fundi peke yake. Wakikosana, duka halina mlango.

Na fomu ndefu za kumtaka mteja jina, umri na barua pepe ziondolewe. Tangu Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi nchini, na anayekusanya taarifa za watu amejitwika wajibu wa kuzilinda. Muuza mbao hana haja nao. Namba ya simu inayogusika inamtosha.

Halmashauri za Mji wa Njombe na Makambako nazo zina sehemu yao. Zinatoa leseni za biashara, kwa hiyo zinazijua gesti, ghala na maduka ya pembejeo kwa majina, na zote mbili zina tovuti rasmi. Ziweke humo orodha ya biashara zinazoridhia kutajwa, kila moja na namba yake, eneo lake na kiunganishi cha tovuti yake kama ipo. Na vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani viruhusiwe kuingiza gharama ya kikoa na ukurasa mmoja kwenye andiko la mradi, kama vinavyoingiza mzani na cherehani. Maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko hayo waanze kuuliza wenyewe kama gharama hiyo imo.