Nawachukia, Lakini Wangeachwa Wagombee

Wasee, kabla mnirukie, someni hadi mwisho. Leo natetea haki ya watu ambao tukikutana usiku kule Athens, ngozi yangu pekee ingetosha kuniletea shida. Sijarogwa. Nimefikiria hii maneno wiki nzima na nimeamua kuisema.

Naongea kuhusu Ugiriki. Aprili 2024, wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Mahakama ya Juu ya huko ilikizuia chama kinaitwa Spartans kusimamisha wagombea. Niliposoma hiyo habari mara ya kwanza nilishangilia. Nikasema poa sana, wafagiliwe wote. Halafu nikaanza kufuatilia vile mambo yalienda, na furaha yote ikaniisha.

Kwanza mjue hawa ni akina nani. Kulikuwa na chama cha Golden Dawn, watu wa siasa za Kinazi kabisa, walioingia bunge la Ugiriki mwaka 2012 wakati uchumi ulikuwa umeanguka na watu wana hasira. Vijana wao walikuwa wanazunguka usiku wakitafuta wahamiaji wa kupiga. Giannis Antetokounmpo, huyu huyu mnayemshangilia NBA, alizaliwa Athens, wazazi wake Wanigeria, na alikaa bila uraia hadi 2013. Alipoanza kuvuma, kiongozi wa Golden Dawn akamfananisha na sokwe. Septemba mwaka huo huo mfuasi wao akamdunga kisu Pavlos Fyssas, rapa aliyekuwa anaimba dhidi ya watu kama hao. Akafa. Oktoba 2020 mahakama ikaamua kwamba Golden Dawn lilikuwa genge la uhalifu, na vigogo wake wakapelekwa jela.

Hapo sina neno. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitano. Mashahidi walisikizwa, washtakiwa walijitetea, na mama yake Fyssas alikaa pale kortini akisikiza. Mtu ameua, genge limejulikana, wafungwe. Hiyo ni haki.

Shida inaanzia mbele kidogo. Ilias Kasidiaris, mmoja wa hao vigogo, alipigwa miaka 13 na nusu, lakini alikuwa na chama kingine, Ellines. Mwaka 2023 bunge likabadilisha sheria ya uchaguzi: chama ambacho kiongozi wake wa kweli amehukumiwa kwa makosa mazito, hakigombei. Mei mwaka huo Ellines kikazuiwa. Na mnajua nini kilifuata? Kasidiaris, akiwa ndani jela, akatangaza kwamba anaunga mkono Spartans, kachama kadogo ambako watu wengi hawakuwa hata wamewahi kukasikia. Juni 2023 Spartans wakapata zaidi ya asilimia 4 ya kura na viti 12 katika bunge la watu 300.

Yaani walifunga mlango, kura zikapitia dirishani. Mwaka uliofuata wakafunga na dirisha.

Sasa angalieni hii. Siku Spartans walipoambiwa hawafai kugombea Bunge la Ulaya, wabunge waliochaguliwa kwa tiketi yao walikuwa bado wamekaa bungeni Athens. Wanapiga kura. Wanalipwa mshahara. Hawafai kutunga sheria za Ulaya, lakini za Ugiriki sawa tu? Kisha Juni 2025, mwaka mzima baadaye, mahakama maalum ya uchaguzi ikawavua watatu ubunge, kiongozi wa chama akiwemo, ikisema wapiga kura walihadaiwa. Si hiyo ndiyo ingekuja kwanza? Chama kilizuiwa 2024 kwa sababu ya nani anakiongoza kichinichini, na uamuzi kwamba watu walidanganywa ukaja 2025. Mkokoteni umetangulia punda.

Najua mtaniambia Spartans walikuwa koti tu, aliyelivaa ni Kasidiaris. Inawezekana kabisa! Mimi mwenyewe naamini hivyo. Lakini kuamini kwangu si ushahidi. Na hiyo sheria ya 2023 ilipitishwa na wanasiasa ambao wenyewe wanashindania hizo kura. Chama tawala, New Democracy, ni cha mrengo wa kulia pia. Ukimpa mchezaji kazi ya kuamua nani aingie uwanjani, usishangae akianza na wale wanaomsumbua.

Uhispania walipitia kitu kama hicho mwaka 2009. Mahakama ya Juu ilikizuia chama kipya cha Iniciativa Internacionalista kugombea Bunge la Ulaya, ikisema ni koti la watu wa ETA, kundi lililokuwa likiua watu kwa mabomu na risasi. Siku chache baadaye Mahakama ya Katiba ikakirudisha: shuku pekee haitoshi, leteni ushahidi. Kikagombea. Hakikupata hata kiti kimoja, na mbingu hazikuanguka.

Na Ugiriki je, kuzuia kulisaidia? Kwenye uchaguzi huo huo wa 2024, Greek Solution, chama kingine cha kulia sana, kilipita asilimia 9. Foni Logikis, chama kilichoanzishwa juzi tu 2023, kikapata kiti chake cha kwanza Ulaya. Sisemi hizo zote zilikuwa kura za Spartans. Nasema hasira ya watu haifutwi kwa kufuta jina kwenye karatasi.

Kwani inanihusu nini, mtoto wa Nairobi? Waulizeni wazazi wenu kuhusu Safina. Chama kilianzishwa 1995, serikali ya KANU ikakikalia hadi Novemba 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi. Hawakuwa wameua mtu. Walinyimwa tu karatasi, na muda ukafanya kazi iliyobaki. Najua Safina si Golden Dawn, msinifundishe. Lakini kifaa ni kile kile: nani anaruhusiwa kuingia kwenye debe, na nani anaamua, na anaamua lini. Leo kinamkata mtu unayemchukia. Siku mbogi yetu itaenda kusajili chama, mtu ataketi ofisini aseme anajua "kiongozi wetu wa kweli" ni nani. Tutamjibu nini, kama jana tulipiga makofi?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ukitaka kukizuia chama, kishtaki mapema, si wiki chache kabla ya kura. Toa ushahidi kortini, mbele ya watu. Kipe nafasi ya kujitetea na kukata rufaa. Ukishinda, kizuie kila mahali, Athens na Brussels. Ukishindwa, kubali, halafu toka uende ukaongee na hao wapiga kura, kwa sababu wako pale tu.

Wakija na kisu, wafungwe. Wakija na karatasi ya kura, tuwashinde.

Haya, sasa nirukieni.