Trakta ya mituele: tuanze na shamba, tusianze na kabine

Kila mwisho wa mwezi, kuko mazungumzo yanayorudi katika mituele zetu za Ndosho, Mugunga na Katoyi. Mmoja ametoka Rubaya na feza kidogo ya coltan. Mwingine amefanya miaka kumi na mbili kwenye shimo na kifua kimeanza kumuuma. Wote wanasema neno moja: tuache shimo pole pole, turudi kwenye kulima. Kiisha kijana mmoja anatoa simu na kuonyesha picha: trakta ya ukubwa wa katikati, nyekundu, kabine ya vioo, na mbele mikono miwili yenye ndoo ya kupakia, ile wenye garaji wanaita chargeur. "Ba papa, tununue hii." Simu inazunguka mkono kwa mkono, na kila mtu anatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sisi hatukatai trakta. Tunakataa kuinunua kwa macho. Feza hii haikutoka benki. Ilitoka fasi ambapo mvua ikipiga sana, mlima unaweza kufunika watu. Kati ya wanamemba wetu kuko wamama wajane. Sehemu yao katika kisanduku ni jasho la bwana ambaye hatarudi tena kutafuta ingine. Tukikosea, hakuna wa kutulipia.

Kutoka Kinshasa tumesikia mara nyingi neno la "revanche du sol sur le sous-sol", maana yake udongo wa juu ulipize kisasi kwa mali ya chini. Neno ni zuri. Lakini tukumbuke Bukanga Lonzo. Mwaka 2014 Serikali ilifungua pale shamba kubwa la hekta karibu 80,000, na mashini mpya, na hotuba. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Mashini hazikukosekana, shamba lilikufa na mashini zikiwapo. Kama Serikali iliweza kuanguka hivyo, mituele ya wachimbaji itaanguka haraka zaidi ikianza safari kwa mashini.

Kwa hiyo swali la kwanza si "trakta gani?" Ni hili: shamba liko wapi, na karatasi yake iko na nani? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na karatasi inayolinda haki hiyo ni certificat d'enregistrement. Karatasi ya mkono, na saini ya mwuzaji na mashahidi wawili, ni mwanzo wa safari, haijakuwa mwisho wake. Tena mtu akikuuzia fasi ya bei rahisi upande wa Rutshuru ao Nyiragongo, uliza mbele ya yote kama haiko ndani ya mipaka ya Parc ya Virunga, iliyowekwa tangu 1925. Ukifukuzwa shambani, jembe unalibeba begani. Trakta utaibeba wapi?

Swali la pili ni mlima. Wengi wanafikiri Masisi, juu ni karibu na Rubaya na tunapajua. Vilima vile ni vizuri kwa ng'ombe na kwa fromage yetu. Kwa trakta ni jambo lingine. Trakta inapolima kwa kukata mlima upande, gurudumu la chini likiingia ndani ya shimo dogo, inapinduka haraka kuliko dereva anaweza kuruka. Na kama ndoo ya mbele iko juu na imejaa, inapinduka hata fasi ambayo macho yanaona kama ni sawa. Mashini hii fasi yake ni tambarare: upande wa Kiwanja na Ishasha, ao mbali kule kwenye bonde la Ruzizi. Karibu na Goma yenyewe, upande wa Nyiragongo, shida ni mawe. Lava inakata mipira ya magurudumu na kuvunja jembe. Mwenye kulima pale na trakta achukue jembe la visahani linalopanda juu ya jiwe, asichukue lile la ncha linalojifunga chini yake.

Sasa tuongelee ndoo, juu ndiyo inayovuta wachimbaji. Kwa kazi ya shamba ni msaada mkubwa: inapakia samadi, mchanga na changarawe, inanyanyua mifuko, inafunika mashimo ya njia baada ya mvua. Lakini mikono ile iliundwa kunyanyua vitu vilivyolegea. Haikuundwa kuchimba. Ukiipiga kwenye ukuta wa udongo mgumu kama pelle mécanique, utapinda mikono na kuvunja ekseli ya mbele, na hiyo ekseli ni kati ya vipande vya bei kali zaidi kwenye trakta nzima.

Tunajua mawazo yanakimbia wapi. "Siku shamba halina kazi, tuipeleke kwenye kare ipakie udongo." Hapana, wandugu. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema uchimbaji wa artisanal ni ule wa vyombo na njia zisizo za kiindustri. Siku mashini inaingia kwenye kare, mumetoka ndani ya ile haki ambayo karata ya mchimbaji inawapa, na kila mwenye nguvu atakuja kuomba sehemu yake. Na hakuna mtu atauliza kama uzito wa trakta kando ya shimo ulisaidia udongo kuwaangukia waliokuwa chini.

Jambo lingine la ndoo: mzigo ukiwa mbele, nyuma inakuwa nyepesi na magurudumu ya nyuma hayakamati chini tena. Inapashwa kufungwa uzito nyuma, sanduku la beto ao mashini nzito ya kulimia. Na ndoo yenye mzigo itembee chini, kwenye urefu wa magoti. Mwuzaji asiyewaambia haya, ao anayeuza chargeur bila uzito wa nyuma, hajawauzia kitu kamili.

Na kabine? Hapa hatukubaliani sisi kwa sisi, na ni vizuri kusema hivyo. Wazee wanasema kabine ni majivuno: hapa Goma, kwenye mita karibu 1,500, hakuna joto la kuogopa, na kioo kikivunjika utakitafuta mpaka Kampala. Vijana wanajibu kwamba mtu aliyekula vumbi ya shimo miaka kumi hapashwi kula ingine ya shamba, na mvua yetu haina mchezo. Sisi tunaona vijana wako na haki juu ya vumbi, na wazee wako na haki juu ya vioo. Lakini kitu kinachookoa uhai si kioo wala hewa ya baridi. Ni ile mifupa ya chuma, inayotoka kiwandani na trakta yenyewe, inayoweza kubeba uzito wake ikipinduka, pamoja na mkanda ambao dereva anaufunga kila siku. Kuko kabine za bati zilizounganishwa garajini kwa kuchomea. Hizo zinazuia mvua tu. Trakta ikilala juu yake zinakunjika kama mkebe wa sardini. Tuseme basi: mifupa ya kiwandani ni lazima, vioo ni kama feza inabaki.

Mutere nao usichaguliwe kwa namba kubwa. Kwa kulima, kukokota na kupakia kwenye shamba la wastani, nguvu ya farasi 50 mpaka 70 inatosha, na magurudumu manne yote yawe yanavuta. Mukumbuke tu kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi. Mutere wa mazutu usio na turbo unapoteza karibu sehemu moja juu ya mia kwa kila mita 100 za kupanda. Kwenye vilima vinavyopita mita 2,000, ile 50 ya kwenye karatasi inabaki karibu 40 mkononi. Tena mutere wa kompyuta unataka mazutu safi. Mazutu yetu mara nyingi yananunuliwa kwa bidon kando ya njia, kwa ba Kadhafi, na maji ndani yake. Pompi ya zamani, isiyo na elektroniki, itakohoa na fundi ataisafisha. Ile ya kisasa itakufa, na mwenye kuifungua na valizi ya kompyuta mutamwita kutoka mbali.

Tuangalie chukudu, ile tuliyoijengea hata sanamu hapa mujini. Kwa nini imebeba viazi, makala na maharagi ya Kivu miaka yote hii? Ikivunjika Kibati, inatengenezwa Kibati, kwa mbao na mpira wa gari la zamani. Hatusemi trakta iwe ya mbao. Tunasema: mbele ya kuangalia rangi, mwende kwa mafundi watatu wa Goma, kila mmoja peke yake, muwaulize ni trakta gani wamekwisha kufungua mutere wake kwa mikono yao, na piyesi zake zilifika kwa siku ngapi. Ile ambayo wote watatu wanaijua, hata ikiwa ya zamani na isiyo na sura, inapita mpya isiyojulikana na mtu.

Kiisha, hesabu. Trakta ya namna hii inalima hekta moja kwa saa tatu ao nne, na inakunywa lita sita ao saba kwa saa. Ni lita 18 mpaka 28 za mazutu kwa hekta, bila mafuta ya mutere, bila dereva. Mituele yenye hekta tano inahitaji saa 20, ndiyo siku tatu. Misimu miwili ni siku sita. Ongeza kusawazisha udongo, ongeza kusomba mavuno na samadi, tuseme siku 20 kwa mwaka. Siku 345 zinazobaki, trakta inalala, na inalala ikiogopa. Kila mtu wa Masisi anakumbuka ng'ombe walivyoporwa vita vya miaka ya 1990. Ng'ombe angalau unaweza kumkimbiza usiku. Trakta inabaki.

Watatujibu: "Kukodi ni shida. Mwenye trakta anafika kwako mvua ya Septemba imekwisha kupita." Ni kweli, na tumeumia kwa hiyo. Lakini dawa yake si kila mituele kununua ya kwake. Mituele tatu ao ine zenye mashamba kwenye tambarare moja zinunue moja, na daftari la masaa, na ufunguo ulindwe na kamati, isiwe trakta ya PDG mmoja kama shimo. Na mwenye hekta mbili tatu aangalie motoculteur, ile ya magurudumu mawili inayosukumwa na mtu akitembea nyuma. Haina sura kwenye picha, lakini inaingia kwenye pick-up na inafungiwa ndani ya nyumba usiku.

Tunaomba basi hivi. Kwenye mkutano unaokuja, picha za trakta zibaki kwenye simu. Katibu alete karatasi za shamba tuzisome kwa sauti, hata kama ni aibu. Watu wawili watumwe pamoja na agronome, watembee shamba lote kwa miguu, waangalie mlima na mawe. Tukodi msimu mmoja na kuandika kila lita na kila saa. Msimu ukiisha, tufungue daftari mbele ya wote, na wamama wajane wakae mbele, juu kwao hakuko shimo la kurudia.

Kama hesabu inakubali, tununue, na sisi wenyewe tutaenda kuipokea barabarani na kupiga makofi. Kama inakataa, feza itakuwa ingali ndani ya kisanduku, na msimu mmoja wa maharagi utakuwa umeingia.