MAWE YA KAKAMEGA NA MIFUPA YA RUSINGA

Mtu achimbaye shimo la dhahabu katika Kakamega hukuta mwamba mgumu wenye mishipa ya jiwe jeupe, lakini mifupa iliyogeuka mawe haikuti humo. Sababu ni umri. Miamba ile, ambayo dhahabu yake iliwavuta watu wengi tangu 1931, imepita miaka milioni 2,500. Wakati ule mnyama mwenye mfupa hakuwako duniani.

Basi na tuvuke mpaka kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria. Huko mlima wa moto wa Kisingiri ulimwaga majivu yenye chokaa, tabaka juu ya tabaka, yakafunika wanyama, mbegu, hata wadudu laini. Mwaka 1948 Bibi Mary Leakey aliona fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe, aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Umri huo haukusomwa katika mfupa, bali katika mawe ya mlima ule.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona mfupa wa jiwe kando ya mto, usiung'oe, hata kwa nia njema. Ukiondolewa katika tabaka lake, bingwa naye atashindwa kuujua umri wake sawasawa. Weka alama, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.