Jarida la Magari ya Porini Halijawahi Kubeba Ndizi za Keroka

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo tuongelee ekseli. Najua wengi wenu hamna gari bado. Lakini hapa kuna anayesomea umakanika, kuna anayeweka akiba anunue pikapu aanze biashara ya ndizi, na kuna anayepanda juu ya lori la mawe kila Jumamosi akitafuta pesa ya wikendi. Wote mnapata ushauri uleule, kwa video na kwa kurasa zilizopigwa picha kutoka majarida ya Marekani ya magari ya porini. Weka ekseli kubwa. Weka springi ngumu. Chomea difu. Vaa tairi kubwa. Halafu mtu anauliza: hii kitu ni ukweli ama ni biashara tu?

Msimamo wangu ni huu. Hayo majarida mara nyingi yako sawa kuhusu chuma, lakini kuhusu mzigo hayatuongelei sisi. Usipotenganisha hayo mambo mawili, utatupa ushauri mzuri na kushika ule utakaoua mtu kwa mteremko.

Anza na kujua yanamwandikia nani. Chukua Four Wheeler, jarida la Marekani lililoanza 1962. Msomaji wake ana Jeep au pikapu ya kuchezea. Ndani kuna yeye, rafiki, na sanduku la vinywaji baridi. Anapanda mawe polepole, tairi kubwa inabanwa kati ya miamba, naye anakanyaga mafuta. Injini inasukuma, tairi inakataa, hafshafti iliyo katikati inasokotwa mpaka inakatika. Kwa mtu kama huyo, kusifu ekseli kama Dana 60 kuna maana. Gea yake kubwa ya difu ina upana wa inchi 9.75, ile ya Dana 44 ina inchi 8.5. Chuma kingi zaidi, nguvu zaidi. Hapo sina ubishi. Na ikikatika, gari linapandishwa trela, linarudishwa nyumbani, na mwenyewe anapata hadithi ya kusimulia.

Sasa njoo Keroka. Pikapu imejazwa ndizi mpaka juu, vijana wawili wamekaa juu ya ndizi, tairi ni za kawaida, na barabara ni mashimo na mteremko. Hapa hakuna mwamba unaobana tairi. Kuna uzito unaokandamiza ekseli, na kila shimo linaongeza kipigo. Ya Mmarekani inasokotwa. Yetu inapindwa, inarudi, inapindwa tena, maelfu ya mara kwa safari moja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja si lazima iponye lingine. Tuchukue ushauri mmoja mmoja.

Wa kwanza: tafuta ekseli ambayo hafshafti yake haibebi uzito. Huu ni ukweli mtupu, na kwetu una maana kuliko kwao. Kuna ekseli za aina mbili. Katika aina ya kwanza, hafshafti inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Ikikatika upande wa nje, gurudumu linaweza kuondoka na kukuacha. Katika aina ya pili, habu inakaa kwa beringi zake juu ya nyumba ya ekseli, na kazi ya hafshafti ni kuzungusha tu. Unaweza hata kuichomoa yote na gari libaki limesimama. Hilux ya nyuma ni aina ya kwanza. Land Cruiser 79 na Isuzu NPR ni aina ya pili. Ukitaka kutambua, angalia katikati ya gurudumu la nyuma: ukiona kofia ya chuma imetokeza nje ikiwa na mduara wa bolti, hiyo ni ya pili. Kwa hivyo jarida likikwambia hii kitu ni muhimu, amini. Lakini ukiwa na NPR usidanganywe ununue kitu ambacho tayari unacho.

Wa pili: angalia kitundu cha ekseli cha kupumulia. Huu hauzungumzwi sana kwa sababu hauna picha tamu, na ni kati ya ushauri bora kabisa kwenye hayo majarida. Ekseli ikifanya kazi inapata moto. Ukiingia mtoni ghafla, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa. Kama kile kitundu kimezibwa na matope, au kimezama majini, maji yanavutwa ndani. Yeyote anayevuka vijito vinavyoshuka kuelekea mto Gucha wakati wa mvua anahitaji kujua hili. Dawa ni mpira mwembamba unaopandishwa kutoka kwenye kitundu hadi juu ya chesi. Na kipimo ni rahisi: fungua oili ya difu uiangalie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Wa tatu ndio unanikasirisha: ongeza springi ndio gari libebe zaidi. Majarida yanauza springi ngumu, na mafundi wetu nao wanaongeza bamba moja, mbili, tatu. Gari linaacha kuinama nyuma, linakaa vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini kitu gani kimebadilika? Springi pekee. Ekseli ni ileile. Beringi, breki na nati za gurudumu ni zilezile. Sema kibati cha mtengenezaji kinaruhusu ekseli ya nyuma ibebe tani 5, na gari likiwa tupu ekseli hiyo tayari ina tani 1 na nusu. Imebaki tani 3 na nusu, basi. Ongeza mabamba kumi ukitaka, hesabu haisongi. Ulichofanya ni kuondoa ishara pekee iliyokuwa inakuonya, yaani kule kuinama. Sasa dereva anaona gari limekaa sawa na anapakia zaidi, halafu anashuka mlima na breki zilizotengenezewa uzito mwingine.

Wa nne: chomea difu ndio magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Kwa gari la kuchezea matope linaloletwa kwa trela, sawa, ni ujanja wa bei ya chini. Kwa lori linalokusanya majani chai kule Kebirigo au Nyansiongo, hapana. Najua mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni, gurudumu moja linazunguka bure, na majani yanaharibika kwa gunia huku mkulima akisubiri. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini lori hilohilo litatoka matopeni liingie lami yenye kona, na kwa kona gurudumu la nje lazima litembee zaidi ya la ndani. Difu iliyochomewa inakataza. Tairi zinakwaruzwa, hafshafti zinasokotwa kila kona, na gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja mbele. Minyororo ya tairi na koleo havipendezi kwa video, lakini unavitoa ukifika lami.

Kuna namba nyingine inachanganya watu, na hii haitoki Marekani. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Ndiyo wanayopima kwenye mizani kama ya Gilgil na Webuye. Mtu anakwambia, "Sheria inaniruhusu tani 10." Buda, hiyo namba inalinda lami. Haijui una gari gani. Hilux nzima, yenyewe na mzigo wake, haifai kuzidi takriban tani 3. Namba inayokulinda wewe iko kwa kibati cha gari lako, na hakuna mizani itakayokusomea.

Najua pingamizi linakuja. "Fundi wangu amekaa gereji miaka ishirini, na jirani anapakia mara mbili ya kibati na hajawahi kukwama." Fundi namheshimu. Anajua vitu ambavyo jarida halitawahi kujua, kama spea gani ni feki na barabara gani inameza beringi. Lakini yeye pia huona yale magari tu yaliyoharibika na kuletwa kwake. Na jirani hajathibitisha kitu. Chuma kinachopindwa kila siku hakilalamiki. Kinaanza na ufa mdogo usioonekana, ufa unakua safari baada ya safari, na siku ya kukatika mzigo unaweza kuwa wa kawaida kabisa. "Sijawahi kukwama" ni maneno ambayo kila aliyekwama alikuwa anasema wiki iliyotangulia.

Basi nani aamue kati ya jarida na fundi? Hafshafti iliyokatika. Usiiache iende kwa wauza vyuma kabla hujaiangalia. Kama meno ya mwisho yamejisokota kama kamba, ilishindwa na nguvu ya kuzungusha, na jarida lilikuwa linakuongelea wewe. Kama sehemu iliyokatika ina eneo laini lenye mistari ya kupinda, kama alama za maji kwenye mchanga, halafu kipande kidogo chenye chembe chembe, huo ni ufa uliokua polepole. Ikiwa ni ekseli ya ile aina ya kwanza, mshukiwa namba moja ni uzito uliopindisha chuma kila siku. Ekseli kubwa ya Marekani haitakusaidia kama utaipakia kwa tabia ileile.

Nikiona ushauri wowote wa ekseli, mimi nauliza mambo matatu. Ni gari gani? Ni mzigo gani, kwa barabara gani? Na anayesema anauza nini? Makala ikisifu ekseli na ukurasa unaofuata una tangazo la ekseli hiyohiyo, haimaanishi ni uongo, ila inamaanisha usome tena ukiwa macho. Jarida linaishi kwa matangazo. Fundi anaishi kwa kazi za kufanya. Mwenye lori anaishi kwa idadi ya safari. Kila mmoja ana sababu ya kukwambia anachokwambia. Kijana aliyekaa juu ya ndizi ndiye peke yake asiye na cha kuuza, na ndiye wa kwanza kuanguka.

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma uhandisi wa magari pale Kisii National Polytechnic, na nyinyi mnaoshinda gereji za jua kali na simu zenye kamera nzuri, naomba kitu. Acheni kutupostia Jeep za watu zikipanda mawe ya Utah. Piga picha ya hafshafti iliyokatika Tabaka, Suneka, Nyansiongo. Andika chini: gari gani, lilipakia nini, kiasi gani, barabara ipi, kibati kilisema nini. Tukipata hamsini kama hizo tutakuwa na jarida letu, na hilo litakuwa limebeba ndizi kweli.