Bastola ya Mpelelezi na Funzo la Mirambo

Katika tamthilia nyingi za zamani za upelelezi, bastola kiunoni ndiyo alama ya mpelelezi. Luteni Columbo wa tamthilia ya Marekani, kwa kawaida, hakubeba silaha. Aliwanasa wauaji kwa maswali. Niwazapo hayo hapa Tabora, namkumbuka Mtemi Mirambo. Bunduki zilizoletwa na misafara kutoka pwani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, zilimwezesha kuifunga njia ya Ujiji mwaka 1871. Alipofariki mwaka 1884, dola yake haikudumu. Hofu hairithiwi. Kwa hiyo nawaasa wanafunzi wangu watakaoajiriwa katika upelelezi: raia anayeiogopa bastola yenu hatawapa ushahidi, na pasipo ushahidi mahakama haiwezi kutenda haki.