Bustani si Anasa ya Wenzetu

Kila ifikapo Aprili, simu zetu hujaa picha za micheri ya Japani iliyochanua. Familia zimetandika mikeka chini ya maua katika bustani ya Ueno jijini Tokyo, nasi huku Bukoba na Muleba tunazitazama na kuhitimisha kwa neno moja: "Wenzetu!" Neno hilo ndilo ninalogombana nalo leo. Ndani yake umejificha uongo kwamba bustani ya umma ni tunda la utajiri, na kwamba sisi tusubiri kwanza tushibe.

Historia inasema vingine. Ueno ilikuwa ardhi ya hekalu la Kan'ei-ji, na sehemu kubwa ya majengo yake iliteketea vitani mwaka 1868. Serikali ilikusudia kujenga hapo hospitali na chuo cha udaktari. Bauduin, tabibu Mholanzi, alishauri pahala pale paachwe kuwa bustani, na mwaka 1873 pakatangazwa kuwa mali ya umma. Japani ya wakati ule haikuwa tajiri; ndiyo kwanza ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kilichoyahifadhi maua yale ni uamuzi juu ya ardhi.

Tuiache Japani, tusije tukaambiwa ni mbali. Nimepata kupita Nairobi mwezi wa Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua, zambarau matawini na zambarau chini kwenye nyasi. Katika Uhuru Park niliwaona wanafunzi wakisoma, mhubiri akipaza sauti, wazee wamejilaza kivulini. Hapana aliyeulizwa ananunua nini. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua bustani ile mwaka 1969, na miaka 20 baadaye watawala wakataka kusimika humo mnara wa ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai akapinga. Alikejeliwa bungeni, na shirika lake likatimuliwa katika ofisi lilizopewa na serikali. Hata hivyo mradi ukafa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikusanyika katika kona ya bustani hiyohiyo kudai wana wao waachiwe. Mnara ungalijengwa, wangalikusanyika wapi?

Bustani ya Jeevanjee nayo, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitakiwa mwaka 1991 igeuzwe maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, akaongoza upinzani, nayo ipo hadi leo. Miti ile huchanua kila mwaka kwa sababu kulikuwa na watu waliosema hapana.

Sasa turudi nyumbani. Nimezoea kuambiwa kwamba Kaagya haina ardhi ya kuchezea, vibanja ni vidogo na watoto ni wengi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba babu zetu waliijua ardhi ya wote kabla ya kusikia habari za Ueno. Mhaya alikuwa na kibanja chake cha migomba na kahawa, na nje ya kibanja palikuwa na rweya. Huko ng'ombe walilishwa, na huko zilikatwa nyasi za kuezekea nyumba na za kutandaza migombani. Rweya ndiyo iliyokirutubisha kibanja. Leo rweya inakatwa vipande: huyu anapanda mikaratusi yake, yule anazungushia senyenge, na kijana anayetaka kucheza mpira anafukuzwa kama mwizi.

Na sisi wasomi tumo. Desemba, mikrismasi inapowaka nyekundu, tunarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza kufungua nyumba kubwa tunazolala wiki mbili kwa mwaka. Tunashindana kwa kuta na mageti. Jioni tunatafuta mahali pa kuketi na watoto, tunaishia baa, maana ndipo pekee penye viti, na kiti chenyewe sharti ununue kitu. Jamii ambayo huwezi kuketi humo bila kulipa imekwisha kuwagawa watu wake, hata kama wote wanasali kanisa moja au msikiti mmoja.

Sheria hatuna upungufu nazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaidhinisha, kisha ardhi inaingizwa katika rejista. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rweya yetu inapotea kwa sababu hiyo: hatujaiandika.

Ndugu msomaji, siwaombi wafadhili wala micheri. Naomba jambo moja liingie katika ajenda ya mkutano mkuu ujao wa kila kijiji chetu: kipande gani cha rweya, na kipande gani cha ufukwe, kitaandikwa kuwa cha wote na kisigawiwe mtu yeyote, awe diwani, mfanyabiashara au daktari wa falsafa kama mimi. Miti tutaipanda wenyewe. Mche wa mkrismasi hauhitaji bajeti ya serikali. Unahitaji ardhi ambayo kesho haitakuwa na mwenyewe mpya.